Sakulenti ndogo za bustani na vyungu vya juani: chagua aina kwa kuangalia usiku wa mji wako

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajukwaa.

Katika jukwaa hili la bustani zimekuwa zikipandishwa picha nyingi za sakulenti, yaani mimea midogo ya mapambo yenye majani mazito yanayohifadhi maji, na chini ya picha hizo swali huwa ni lile lile: mmea ulinunuliwa ukiwa mzuri, ukawekwa juani kama muuzaji alivyoelekeza, mbona sasa umerefuka, umepauka na hatimaye kuoza? Majibu karibu yote husema maji yamezidi. Ni kweli kwamba maji yakizidi huua, lakini nimeona mimea mingi ya Dar es Salaam na Tanga ikifa mikononi mwa watu waangalifu kabisa, wasiomwagilia ovyo, kwa sababu tu aina waliyouziwa haikuwa ya hali ya hewa yao. Ninaotesha na kuuza miche midogo hapa Arusha, na kabla ya hapo niliotesha Dar es Salaam, kwa hiyo ninayoyaandika yanatokana na kulinganisha miji hiyo miwili. Ninaloliomba kwenu ni moja: kabla ya kuvutiwa na rangi ya mmea, jiulizeni usiku wa mji wenu una joto kiasi gani.

Sababu ya kuutazama usiku badala ya mchana ni hii. Mimea mingi tunayoijua hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni dioksidi jua likiwaka, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi. Sakulenti nyingi hufanya kinyume chake. Mchana hufunga vitundu hivyo. Usiku huvifungua, huvuta hewa na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa asidi, kisha jua likitoka huitumia akiba hiyo kujitengenezea chakula bila kufungua tena. Wataalamu waliupa utaratibu huo jina la jamii ya Crassulaceae, ambayo ndani yake zimo Echeveria, Sedum, Crassula na Kalanchoe. Faida yake ni kwamba mmea unaweza kukaa wiki kadhaa bila maji, lakini gharama yake ni kwamba maisha yake yote yanategemea usiku. Usiku ukiwa wa joto, mmea hupumua kwa kasi na kuitumia akiba yake, huku hewa unayovuta ikipungua. Ukiongeza unyevunyevu wa pwani unaochelewesha udongo kukauka, unapata mmea dhaifu wenye mizizi inayokaa majimaji, na kuvu hawahitaji nafasi zaidi ya hiyo.

Sasa linganisheni. Dar es Salaam mwezi wa Februari usiku hushuka hadi karibu nyuzi 25 tu. Nairobi mwezi wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, haiko mbali na hapo. Jua la mchana linaweza kuwa kali kotekote, lakini kwa sakulenti pwani na nyanda za juu ni mazingira mawili tofauti kabisa.

Nianze na Echeveria, kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa na wengi. Hii ni ile yenye majani yaliyopangika kwa duara, ya kijivu, waridi, zambarau au kijani chenye ncha nyekundu. Nyingi kati yake asili yake ni milima ya Mexico, mahali ambapo mchana jua ni kali na usiku kuna baridi. *Echeveria elegans* yenye rangi nyeupe ya kibuluu, *Echeveria agavoides* yenye majani magumu yaliyochongoka, na chotara maarufu wa rangi ya zambarau aitwaye 'Perle von Nürnberg', aliyezalishwa Ujerumani na Richard Gräser katika miaka ya 1930, zote hupendeza Arusha, Nairobi, Iringa, Mbeya na Lushoto. Huko duara hujifunga vizuri na rangi hukolea, hasa Juni hadi Agosti. Pwani, mmea ule ule hufungua majani, rangi hupotea, shina hurefuka, na masika yakianza majani ya chini hugeuka manjano yenye majimaji na kudondoka ukiyagusa kwa kidole tu.

Simkatazi mtu wa pwani kujaribu. Ninasema asianzie hapo, na anapoanza asidhani kwamba mikono yake ndiyo yenye tatizo.

Kwa anayetaka umbo hilo la duara huku akiishi pwani, mmea wa kuanza nao ni *Graptopetalum paraguayense*. Jina lake linaitaja Paraguay, lakini asili yake ni Mexico. Huvumilia joto kuliko Echeveria nyingi, na una tabia ya kubadili rangi kwa mwanga: ukiukalisha kwenye jua la kutosha unakuwa na wekundu na umanjano hafifu, na ukiuhamishia kwenye kivuli chenye mwanga unarudi kijivu cha kibuluu. Majani yake yana unga mweupe juu, na unga huo ni kinga ya jua. Ukiushika, alama ya kidole hubaki pale pale hadi jani hilo linapokufa. Kwa hiyo mmea huu na wote wenye unga ushikeni kwa shina au kwa chungu, wala msiufute kwa kitambaa mkidhani ni vumbi.

Aina ninayoipigania zaidi, hata hivyo, ni ya kwetu. *Aloe juvenna* ni mshubiri mdogo ambao majani yake mafupi ya pembetatu hupangana kwenye shina kutoka chini hadi juu, yakiwa na madoa meupe na meno laini pembeni. Ulielezwa rasmi kitaalamu mwaka 1979 kutokana na mimea iliyokuwa tayari ikioteshwa bustanini, na baadaye ukapatikana ukiota porini nchini Kenya. Kwenye jua kali hugeuka kahawia yenye wekundu, na kwenye kivuli chepesi hubaki kijani kibichi. Hutoa machipukizi mengi pembeni, hivi kwamba chungu cha sentimita 15 hujaa baada ya muda na unaweza kugawa. Watu wengi huuchanganya na mshubiri mwingine unaoitwa vitaluni *Aloe zanzibarica*, ambao kwa hakika ni *Aloe squarrosa* wa kisiwa cha Socotra. Huo wa Socotra majani yake yamejikunja kuelekea nje na chini, wakati ya *juvenna* yamesimama karibu na shina.

Mwingine wa kwetu ni *Kleinia petraea*, unaotambaa na kuning'inia, wenye asili ya Kenya na Tanzania. Majani yake ni mazito, ya mviringo wa yai, na kwenye jua kingo zake huingia zambarau mpaka mmea wote ukabadilika rangi. Maua yake ni ya chungwa. Kwa chungu cha kuning'iniza kwenye roshani sijaona unaoushinda, na inasikitisha kwamba unapatikana kwa urahisi zaidi katika vitalu vya Ulaya kuliko katika vitalu vya kando ya barabara zetu.

Nitaendelea na udongo na vyungu katika mchango unaofuata, kwa kuwa huko nako kuna mazoea ambayo sikubaliani nayo.

Mwanzisha uzi

Kuhusu udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi haufai hata kidogo, na udongo mwekundu wa bustani peke yake hushikana mno ndani ya chungu. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri na sehemu mbili za vitu vigumu vyenye chembe za milimita 3 hadi 5: mchanga mkubwa wa mtoni uliochekechwa ili vumbi litoke, changarawe nyepesi ya volkano kwa sisi tulio karibu na Meru na Kilimanjaro, au chenga za mkaa zilizooshwa. Pwani ninaongeza vitu vigumu viwe sehemu tatu. Mchanga wa baharini usiutumie, kwa sababu ya chumvi. Mchanga laini wa kupigia lipu nao si mzuri, kwa kuwa huziba nafasi za hewa badala ya kuzifungua. Samadi mbichi huchochea majani laini yanayooza upesi, kwa hiyo iacheni ioze kwanza au muiache kabisa. Mimea hii haihitaji mbolea nyingi.

Zoea ninalolipinga ni la kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu "ili maji yapite". Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto kubwa mpaka udongo wa juu uwe umelowa kabisa. Kwa hiyo lile tabaka lenye maji, ambalo lingekaa chini kabisa ya chungu, husogezwa juu na kukaribia mizizi. Jaza chungu chote mchanganyiko ule ule, weka kipande cha wavu au kigae juu ya tundu ili udongo usitoke, basi. Na tundu lazima liwepo. Kopo la rangi, ndoo kuukuu na bakuli la udongo vyote vinafaa vikitobolewa, na visipotobolewa havifai, hata viwe na thamani gani.

Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi hupumua na kukauka upesi, kwa hiyo ndicho ninachokipendekeza pwani. Nyanda za juu chungu cha plastiki kinatosha. Chungu kisizidi mmea kwa ukubwa: kikubaliane na upana wa majani, na nafasi ya vidole viwili pembeni.

Kumwagilia kusiwe kwa kunyunyiza juu juu kila siku. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu subiri. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi chini ya chungu, kiache kidogo, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo uliogandamana au kikiwa na ubaridi wa unyevu, usimwagilie. Kikitoka kikavu na kisafi, na majani ya chini yakiwa yameanza kulegea kidogo, ndipo umwagilie. Wakati wa masika, vyungu vilivyo nje kabisa huwa havihitaji maji yako, vinahitaji paa.

Mchangiaji, Tanga

Asante kwa uzi huu. Nyumba yangu iko karibu na bahari na nina paa la zege lililo wazi, jua la asubuhi hadi jioni, pamoja na upepo wa chumvi. Vyungu vyangu vyote ni vya plastiki nyeusi. Mimea ya aina ya Echeveria imekwisha yote. Je, kuna kitu chochote kidogo cha kupendeza kitakachovumilia mahali hapo, au nihamie kwenye mkonge tu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, lipo tumaini kubwa, ila tuanze na vyungu kabla ya mimea. Plastiki nyeusi juu ya zege la mchana hupika mizizi; jaribu kuingiza kidole kwenye udongo wa pembeni mwa chungu saa nane mchana utaelewa ninachosema. Vipake rangi nyeupe kwa nje au uvibadilishe kwa vya udongo, viinue juu ya matofali ili upepo upite chini yake, na uvipange karibu karibu ili kimoja kikitie kingine kivuli ubavuni. Mara moja moja mwagilia kwa wingi kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima cha chumvi, ili chumvi iliyokusanyika kwenye udongo isafishike.

Kwa rangi, panda *Portulaca grandiflora*. Asili yake ni Amerika ya Kusini, majani yake ni membamba na ya mviringo, na maua yake huja meupe, manjano, ya chungwa, ya waridi na mekundu. Hufunguka jua likiwaka na kufunga mwanga unapopungua, kwa hiyo paa lako ndilo mahali pake hasa. Kwenye kivuli utapata majani bila maua. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zisambaze juu ya udongo bila kuzifukia. Huishi muda mfupi, lakini kipande cha ncha ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu huota baada ya siku chache, na ukiendelea kukata vipande hutaupoteza.

Kwa umbo, *Sansevieria trifasciata* fupi inayoitwa 'Hahnii', iliyogunduliwa New Orleans mwaka 1939, haizidi urefu wa kiganja na majani yake hukaa kwa duara. Ina faida kwamba joto la usiku haliisumbui, maana mmea mama ni wa Afrika Magharibi yenye joto. Ianzishe kwenye kivuli cha ukuta, si katikati ya paa, kwa sababu ile yenye michirizi ya manjano huungua. Na ukipata *Portulacaria afra*, ichukue. Ni kichaka cha Afrika Kusini ambacho tembo hukila kwa wingi, lakini katika chungu hubaki kidogo, hukubali kukatwa na kuviringishwa kwa umbo lolote, na kina uwezo ambao sakulenti nyingi hazina: maji yakiwapo kinaweza kuvuta hewa mchana kama mimea ya kawaida, na ukame ukija hubadilisha na kufanya kazi usiku. Ndiyo maana hakihangaishwi na hali ya hewa ya pwani.

Mmea wa *Adenium obesum*, unaojulikana kama waridi la jangwani, nao ni wa nyika za Afrika Mashariki na jua la paa lako utalipenda. Ila uangalie watoto, kwa kuwa utomvu wake una sumu na umekuwa ukitumiwa kutengeneza sumu ya mishale.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi nina swali tofauti kidogo. Nilinunua Kalanchoe zenye maua mengi mekundu na manjano, zikakaa kwenye kibaraza kwa muda mrefu zikiwa zimejaa maua. Yalipokwisha nilikata mashina ya maua na kuendelea kuitunza. Imekuwa kubwa, ina afya, majani yanang'aa, lakini haijatoa ua hata moja tena. Muuzaji aliniambia niongeze mbolea, nikaongeza, imezidi majani tu.

Mwanzisha uzi

Dada, mbolea haitasaidia, na swali lako ni zuri kwa sababu linaturudisha kwenye usiku, safari hii kwa njia nyingine. Mmea ulio nao bila shaka ni *Kalanchoe blossfeldiana*, wenye asili ya Madagascar, ulioingizwa katika biashara ya maua mwaka 1932 na Robert Blossfeld wa Potsdam, Ujerumani. Mmea huu huamua kuchanua kwa kupima urefu wa giza. Usiku ukiwa mrefu na usiokatizwa na mwanga hupanga maua. Usiku ukiwa mfupi, au ukikatizwa, huendelea kutoa majani tu. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo giza unalopata ni la kiwango cha mpakani. Sasa weka juu yake taa ya usalama ya kibarazani inayowaka hadi alfajiri. Kwa hesabu ya mmea huo, usiku haujawahi kufika.

Fanya hivi. Tafuta boksi la katoni lisilopitisha mwanga, ufunike mmea kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, ambayo ni saa 14 za giza, kila siku kwa muda wa wiki sita bila kuruka. Mchana uweke kwenye mwanga mwingi. Punguza maji na usimamishe mbolea. Wenye mashamba ya maua hufanya kazi hiyo hiyo kwa mapazia meusi. Baada ya wiki hizo unaweza kuacha kufunika, na vichwa vidogo vya maua vitaonekana kati ya majani ya juu. Kama boksi liko mahali pa joto kali, maua huchelewa, kwa hiyo wenzetu wa pwani wafanye zoezi hili miezi ya Juni hadi Agosti wakati wa kipupwe.

Mchangiaji, Njombe

Huku kwetu tatizo ni la upande wa pili. Mwezi wa Juni na Julai kuna asubuhi tunaamka na kukuta barafu juu ya nyasi. Nimepanda mishubiri midogo na Crassula kwenye tuta la mawe mbele ya nyumba, baadhi zimegeuka kama zimechemshwa. Zipi za kupanda nje moja kwa moja?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Njombe, una bahati ya kuchagua ambayo sisi wengine hatuna. Maji yaliyo ndani ya majani ya Crassula yakiganda hupasua seli, na jua likichomoza jani linageuka hilo ulilolieleza. Mmea unaokufaa ni Sempervivum. Hutoka kwenye milima ya Ulaya, huvumilia theluji, na duara lake dogo huzungukwa na vitoto vingi mpaka tuta lote linafunikwa. Hupenda udongo mchache katikati ya mawe. Duara likishachanua hufa, na huo si ugonjwa. Vitoto vyake huziba nafasi. Wauzaji huupeleka pia Dar es Salaam na Mombasa kwa kuwa unafanana na Echeveria, na huko huoza karibu bila nafasi ya kuokolewa, kwa hiyo ukiona muuzaji wa pwani anausifu, mpite.

Sedum za kutambaa zenye majani madogo nazo zinakufaa. *Sedum rubrotinctum*, yenye majani manene kama maharage yanayogeuka mekundu juani, hupendeza sana huko kwenu kwa sababu baridi na jua vikikutana ndipo wekundu hukolea, lakini usiku wa barafu uifunike kwa nyasi kavu au uipande chini ya upenu. Majani yake hudondoka ukiyagusa, na kila jani lililodondoka ni mche: liache juu ya udongo mkavu kivulini, kwenye kitako chake zitatokea nyuzi za mizizi ya waridi, kisha duara dogo la majani lenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Usianze kumwagilia kabla ya kuiona mizizi. Jani mama litasinyaa taratibu huku likilisha mche, na usiling'oe mpaka likauke lenyewe. Mishubiri yako iliyopona ihamishie kwenye vyungu, ili Juni uiingize ndani.

Mchangiaji, Dodoma

Ningependa kuongeza la kwetu. Dodoma kuna ukavu wa kutosha na mvua chache, kwa hiyo kuoza si tatizo kubwa. Tatizo ni kuungua. Mimea inayotoka vitaluni chini ya wavu wa kivuli ikiwekwa juani moja kwa moja hupata mabaka meupe yasiyoondoka, kisha kahawia. Mimi huiweka kwanza chini ya mti wenye majani machache, kisha kwenye jua la asubuhi peke yake, na baada ya wiki mbili au tatu ndipo huiacha kwenye jua la siku nzima. Pia nimekuta vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, na sisimizi wengi.

Mwanzisha uzi

Utaratibu wako wa kuzoesha ni sahihi na ningependa kila mnunuzi aufuate. Kuna moja tu la kuongeza: Haworthia, zile ndogo za Afrika Kusini zenye michirizi meupe au ncha zinazopitisha mwanga, usizipeleke kwenye jua la siku nzima hata baada ya kuzizoesha. Porini huota chini ya vichaka na katikati ya mawe. Jua la asubuhi linazitosha, na zikianza kugeuka nyekundu ya kahawia zinakuambia zimezidiwa.

Hao weupe ni vidung'ata, na sisimizi wapo kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa vidung'ata, hata huwahamisha kutoka mmea hadi mmea. Tenga mmea huo leo hii. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya dukani ya asilimia 70, wagonge mmoja mmoja mpaka wageuke kahawia, na urudie kila wiki kwa wiki kadhaa kwa kuwa mayai hubaki. Fanya hivyo jioni, si juani. Kisha utoe mmea kwenye chungu uangalie mizizi. Ukikuta unga mweupe pembeni ya chungu, wamo pia chini, na hapo osha mizizi yote, tupa udongo huo mbali, na upande upya. Zuia sisimizi kwa kusimamisha miguu ya meza ya vyungu kwenye makopo yenye maji.

Mchangiaji, Morogoro

Jirani amenipa mmea mrefu wenye majani membamba ya mviringo kama mirija, yenye madoa, na kwenye ncha kuna vimche vidogo vinavyodondoka. Umeota kila mahali, hadi kwenye nyufa za sakafu. Je, huu nao ni wa kupanda kwenye bustani? Pia kuna vijana wanaoleta mishubiri na mimea mingine ya majani mazito kutoka milimani, bei yao ni nafuu sana. Inafaa kununua?

Mwanzisha uzi

Mmea huo ni *Kalanchoe delagoensis* wa Madagascar, na ninakushauri usiupande ardhini kabisa. Kila kimche kinachodondoka ni mmea kamili, na umeshakuwa gugu katika nchi nyingi zenye joto. Zaidi ya hapo una sumu inayoathiri moyo wa ng'ombe, hasa ukiwa na maua. Ukitaka kuubakiza, uwe kwenye chungu juu ya sakafu, uzoe vimche mara kwa mara, na usiutupe kwenye jalala la wazi wala kando ya mto. Uchome au uufunge ndani ya mfuko mweusi juani hadi unyauke. Tahadhari kama hiyo ya sumu inahusu pia *Euphorbia milii* yenye miiba na maua mekundu: maziwa yake yakiingia jichoni huumiza vibaya, kwa hiyo ukiipogoa vaa glovu na unawe mara moja.

Kuhusu mimea ya kung'olewa milimani, tafadhali usinunue. Mishubiri yote isipokuwa *Aloe vera*, pamoja na Euphorbia za jamii ya sakulenti, imo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania na Kenya ni wanachama. Baadhi ya aina za milima yetu huota kwenye mwamba mmoja au miwili tu, na gunia moja la kijana mmoja linaweza kuumaliza mwamba huo. Mmea wenyewe ukifika kwako huwa umekatika mizizi na una majeraha. Mara nyingi hudumu miezi michache tu. Utautambua kwa urahisi: majani yana makovu ya zamani na vumbi la mahali pengine, mizizi minene imekatwa kwa panga, na hakuna wawili wanaolingana ukubwa. Miche ya kitalu hulingana.

Vitalu vyenye *Aloe juvenna* na *Kleinia petraea* halali ni vichache, kwa hiyo njia iliyo bora ni kupeana. Mwenye Kleinia akate ncha yenye urefu wa kidole, aondoe majani mawili ya chini, aiache kivulini juu ya gazeti kwa siku nne au tano mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu, aizungushie karatasi kavu isiyo na plastiki na kuituma. Anayepokea aichomeke kwenye mchanganyiko mkavu, asubiri wiki moja ndipo amwagilie kwa mara ya kwanza, na pwani aiweke mahali penye jua la asubuhi tu hadi itoe majani mapya. Wenye mimea mama waandike hapa chini mji walipo na aina walizonazo, nami nitaanza: Arusha, ninazo zote mbili.